Mchezaji Mmoja, Mkono Mmoja

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili katiba, bajeti na uchaguzi. Leo nitajadili karata. Sizungumzii karata za barazani tulizozirithi pamoja na majina yake ya Kireno, kopa, shupaza, uru na pau. Nazungumzia poka inayochezwa mtandaoni, katika mashindano yanayoweza kukusanya maelfu ya watu wasioonana wala kujuana. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya vijana wetu wamo tayari katika mchezo huu au katika michezo jirani ya kubahatisha, nasi walimu tuna tabia ya kuhubiri dhidi ya mambo ambayo hatujayasoma. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba ni nadra kuona swali la kale la falsafa ya siasa likiulizwa waziwazi kiasi hiki: watu wasioaminiana, wanaogombea fedha, wasioonana nyuso, wanawezaje kuishi chini ya kanuni moja?

Niseme mapema kwamba siandiki ili kumshawishi mtu acheze. Nchini Tanzania tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, tunayo Bodi ya kuisimamia, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Mwenye imani inayomkataza, imani yake inamtosha. Na mwanafunzi mwenye ada ya muhula mfukoni namwambia kama mwalimu wake: ada si dau. Mwenye jukwaa hukata fungu lake kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Kwa hiyo ukiwajumlisha wachezaji wote pamoja, wanaondoka na pungufu ya walichokuja nacho. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Niliufahamu mchezo huu nikiwa mwanafunzi wa uzamivu Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Jirani yangu wa bweni, kijana wa uhandisi kutoka Ulaya ya Mashariki, alikuwa akiingia mashindano ya dola chache usiku wa Jumamosi. Mimi nilikuwa nikiketi kando yake na kitabu ambacho sikukisoma sana. Fedha zake hazikunivutia, maana mara nyingi hazikuwapo. Kilichonivutia ni waraka wa kanuni aliokuwa ameufungua pembeni mwa skrini, mrefu kuliko katiba za vyama vingi ninavyovijua, na unaofuatwa kuliko nyingi za hizo.

Kwa asiyeujua, mpangilio wake ni huu. Kila mshiriki hulipa kiingilio kilekile na kupewa idadi ileile ya tokeni. Tokeni hizo si fedha. Huwezi kuinuka katikati ya mashindano ukazibadilisha. Kila mkono, yaani kila mzunguko wa mchezo tangu karata kugawiwa hadi mshindi wa dau kupatikana, mchezaji hupata karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote. Yapo madau ya lazima, nayo hupanda kwa saa, ili asiwepo wa kujikunyata na kusubiri wengine waishe. Aliyeishiwa tokeni anatoka. Meza zinavyopungua watu, mtambo huzivunja na kuwahamisha wachezaji ili meza zote zibaki na uwiano. Mwishoni zawadi huenda kwa sehemu ndogo tu ya washiriki, pengine mmoja kati ya kila saba au wanane, na fungu nono huenda kwa wachache wa juu kabisa.

Ahadi ya mashindano haya ilijulikana dunia nzima mwaka 2003, pale mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, alipolipa dola 86 katika mchujo wa mtandaoni, akafuzu kwenda Las Vegas, akawashinda washiriki 838 wengine na kuondoka na dola milioni 2.5. Mtu asiye na jina alikaa meza moja na mabingwa na kanuni hazikumuuliza anatoka wapi. Huo ndio mvuto wake kwa vijana, na tusiudharau. Kijana anayeamini kwamba ajira hutolewa kwa kujuana ataipenda meza ambayo haijui jina la baba yake. Lakini kwa kila mhasibu mmoja walikuwapo mamia waliorudi nyumbani mikono mitupu, nao hawakupigwa picha.

Sasa nifike kwenye kanuni yenyewe. Kanuni mama ya poka ya mashindano husema: mchezaji mmoja kwa mkono mmoja. Uamuzi wa karata zako ni wako peke yako tangu mkono unapoanza hadi unapokwisha. Huruhusiwi kumpigia simu rafiki aliye bora kuliko wewe. Huruhusiwi kumkabidhi mwingine akaunti yako umebakiza watu kumi ili akumalizie. Huruhusiwi kufungua akaunti ya pili kwa jina la dada yako na kukaa mezani mara mbili. Huruhusiwi kukubaliana na mwenzako kwamba mtaoneana huruma, wala kumwachia tokeni zako kwa makusudi.

Usiku mmoja mgeni wa jirani yangu alisimama nyuma yetu, akaona karata zilizokuwa kwenye skrini, na kwa furaha akasema, "Weka zote!" Karata zilikuwa nzuri, hata mimi mshamba nililiona hilo. Jirani yangu alinyamaza, kisha akazitupa karata zile na kuusubiri mkono mwingine. Mgeni alishangaa: nani duniani angejua? Akajibiwa kwa utulivu, "Uamuzi ulikuwa umekwisha kuwa wako." Dau la usiku ule halikufika bei ya chakula cha mchana. Nimehudhuria semina nyingi za maadili ya utumishi wa umma, zenye posho, mabango na fulana. Ni chache zilizonifundisha kiasi hicho.

Ninalikumbuka jambo hilo kila ninapokaa katika kamati inayosikiliza mashauri ya udanganyifu wa kitaaluma. Si siri tena kwamba katika Afrika Mashariki kuna watu wanaoishi kwa kuwaandikia wengine tasnifu, wa hapa kwetu na wa ng'ambo. Mwanafunzi mmoja aliyeletwa mbele yetu hakukana. Alisema, "Daktari, nimelipa kwa fedha yangu halali. Sijamwibia mtu." Alikuwa mkweli katika kauli hiyo, kwa maana aliamini anachokisema. Na mimi nakiri kuwa hoja yake si ya kupuuzwa, inastahili kujibiwa.

Jibu lake limo katika tofauti kati ya biashara na mashindano. Katika biashara, nikinunua kitu, jirani yangu hajapungukiwa. Katika mashindano, nafasi yangu ni nafasi ambayo mwingine hakuipata. Mwaka 2007 akaunti iliyoshinda mashindano makubwa ya mtandaoni, yenye zawadi ya kwanza ya zaidi ya dola milioni moja, iliondolewa na mwenye jukwaa baada ya uchunguzi kuhusu nani hasa aliyekuwa akiicheza. Waliokuwa chini wakapandishwa nafasi moja moja. Hapo ndipo ulaghai ulipoonekana sura yake: aliyekuwa wa pili alikuwa wa kwanza, wa tatu alikuwa wa pili, na hivyohivyo hadi chini, hadi kwa yule aliyetoka nafasi moja tu kabla ya zawadi. Kila mmoja alikuwa ameibiwa kidogo, na wengi wao wasingejua kamwe. Shahada nayo ni mashindano. Daraja la kwanza lililonunuliwa humsukuma chini binti aliyeandika kurasa zake mwenyewe kwa mwanga wa simu, na pengine humtoa kabisa katika orodha ya wanaoitwa kwenye usaili. Hatajua jina la aliyemwibia. Hilo halimfanyi kuwa hakuibiwa.

Hizo ni kanuni. Chini ya kanuni kuna kitu kingine ambacho wachezaji hukiheshimu bila kulazimishwa, nacho ni adabu. Usimtukane aliyekushinda kwa bahati. Usimfundishe mshindwa makosa yake mbele ya meza nzima. Ukishatupa karata zako, usitaje zilikuwa zipi wakati wengine bado wanacheza, maana umewapa habari ambayo hawakuilipia. Usichelewe bila sababu. Ukiwa huna la kuamua, amua upesi, kwa kuwa muda unaoupoteza ni wa watu wote wa meza ile. Katika majukwaa mengi hamruhusiwi kuzungumza lugha ambayo wengine mezani hawaielewi wakati mkono unaendelea, hata kama mnasalimiana tu, kwa kuwa asiyeelewa hana njia ya kujua kwamba ni salamu. Waliozoea vikao ambamo wawili hunong'ona pembeni kisha azimio likapita watanielewa. Na ukitoka, unawatakia waliobaki mchezo mwema. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Na wale wanaotangaziwa matokeo ya uchaguzi kila baada ya miaka mitano wanaujua uzito wa msemo huo, wenye kushinda na wenye kushindwa, maana upo upande wake wa pili: anayetaka kushindwa kwake kukubalike kwa wepesi, naye aukubali ushindi wa mwenzake unapokuja.

Ipo sehemu moja ambapo adabu ilishindwa na kanuni ikalazimika kuzaliwa. Mashindano yanapokaribia mstari wa zawadi, kwa mfano wamebaki 101 na wanaolipwa ni 100, mchezaji mwenye tokeni chache hupata kishawishi cha kutumia sekunde zake zote katika kila mkono, hata akiwa na karata za kutupa, akiomba mtu wa meza nyingine atoke kwanza. Wakifanya hivyo wengi, mchezo hugeuka mashindano ya kuchelewa. Nasaha hazikutosha. Dawa iliyopatikana ni hii: hapo mpakani meza zote hucheza mkono kwa mkono, iliyomaliza mapema husubiri hadi ya mwisho imalize, ndipo zote zigawiwe karata upya. Ghafla hakuna faida ya kuchelewa. Hakuna aliyehubiriwa, wala aliyefukuzwa. Iliondolewa faida tu. Ndugu zangu watumishi wa umma mnaobuni taratibu za ofisi, tafadhalini litafakarini hilo. Faili linalolala mezani kwa wiki tatu halilali kwa sababu afisa hajahudhuria semina. Mara nyingi linalala kwa sababu kuna anayefaidika na usingizi wake.

Jambo jingine la kujifunza ni namna kanuni zinavyoyatarajia maafa. Mtandao wako ukikatika, au umeme, muda wako unahesabiwa. Ukiisha, karata zako zinatupwa na madau ya lazima yanaendelea kukatwa. Ni ukatili, lakini ni ukatili uliotangazwa kabla, na ni uleule kwa wote. Upande wa pili, mtambo wa mwenye jukwaa ukianguka, hatari haibebeshwi mchezaji: mashindano yanaweza kuvunjwa na fedha kugawanywa kwa kanuni iliyoandikwa tangu mwanzo. Linganisha na kwetu, ambako mwombaji wa ajira au wa mkopo hukuta dirisha la maombi halifunguki siku ya mwisho, akaambiwa "mfumo uko chini," kisha kesho yake akaambiwa muda umekwisha. Mfumo ulioanguka ni wa nani? Hasara imebebwa na nani? Kanuni ambayo haijajibu maswali hayo mawili kabla ya maafa itayajibu baada ya maafa kwa kumpendelea mwenye nguvu.

Nisije nikaonekana nawasifu wenye majukwaa. Kashfa kubwa za mchezo huu zimetoka kwao. Mwaka 2007, katika jukwaa lililoitwa Absolute Poker, mchezaji aliyeshika nafasi ya pili alitilia shaka namna mshindi alivyocheza. Aliomba kumbukumbu ya mikono yote ya mashindano yale. Kampuni ikamtumia faili lililokuwa na zaidi ya alichokiomba: karata za siri za wachezaji wote, pamoja na taarifa za waliokuwa wakitazama meza. Wachezaji wenzake walikaa wakalichambua mstari kwa mstari. Waliona mshindi alikuwa akicheza kama mtu anayeziona karata za wengine, na kwamba kulikuwa na akaunti iliyokuwa ikiitazama meza yake. Ilibainika kwamba kweli ilikuwapo njia ya ndani ya kuziona karata za siri. Msimamizi wa leseni, Tume ya Kahnawake nchini Kanada, baadaye alilitoza jukwaa hilo faini ya dola 500,000.

Katika bao letu kete zote ziko wazi, na ndiyo maana udanganyifu wake hauna maficho. Poka ni mchezo wa siri, na mchezo wa siri una mtu mmoja wa kuogopwa kuliko washindani wote: mwenye ufunguo wa mtambo. Serikali nayo ina michezo ya siri ambayo ni halali kuwa siri kwa muda: bei za zabuni kabla ya kufunguliwa, maswali ya mtihani kabla ya siku yake, kura ndani ya sanduku. Katika yote hayo tumezoea kumchunguza mshindani, mkandarasi, mtahiniwa na mpiga kura, na kumsahau aliyeshika ufunguo. Tena kumbukeni kilichofichua kashfa ile. Mlinzi wala mkaguzi hakuwahi kuinusa. Iliinuliwa na mshiriki wa kawaida aliyeomba kumbukumbu, na watu wa kawaida waliojua kuzisoma. Wanaharakati wa Tanzania na Kenya, nchi zetu zote mbili zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Sheria hizo zina mapungufu yake, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuandika barua moja ya kuomba kumbukumbu ya mkono uliotutia shaka? Ni rahisi zaidi kulalamika katika kundi la simu.

Kashfa ya pili ilinikuta bwenini. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walifungua kesi dhidi ya wamiliki wa majukwaa makubwa matatu, na anwani zake za mtandao zikashikwa. Katika miezi iliyofuata ilidaiwa mahakamani kwamba moja ya majukwaa hayo, Full Tilt Poker, lilikuwa likidaiwa na wachezaji takribani dola milioni 390, huku benki likiwa na takribani milioni 60. Namba zilizokuwa zikionekana kwenye skrini za wachezaji kama salio lao hazikuwa na fedha nyuma yake. Wachezaji waliokuwa wameshika kila kanuni na kila adabu waliamka hawana kitu, na wengi walisubiri miaka kabla ya kulipwa, baada ya jukwaa shindani kulinunua lile lililoanguka. Fedha ya amana ilikuwa imechanganywa na fedha ya matumizi. Sihitaji kuwakumbusha wastaafu wanaosoma ukurasa huu kwa nini mfuko wa amana lazima uwe na ukuta wake, na kwa nini salio kwenye karatasi si mkate.

Sasa umekuja mtihani mpya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walitangaza programu, Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa katika meza ya watu sita. Tangu hapo swali la "nani anacheza?" limekuwa zito zaidi, kwa kuwa msaidizi wa siri hahitaji tena kuwa binadamu. Majukwaa yamepiga marufuku programu zinazomshauri mchezaji wakati mkono unaendelea, na yanawinda mienendo iliyo kamilifu kupita kiasi. Lakini hayamkatazi mchezaji kujifunza kwa programu hizohizo kabla ya kukaa mezani. Mstari umechorwa hapo: jifunze kwa msaada wowote, amua peke yako. Vyuo vyetu vinavyohangaika na akili bandia kwenye insha za wanafunzi, vingine vikipiga marufuku kila kitu na vingine vikifumba macho, vingefaidika kuutazama mstari huo. Si mkamilifu, ila ni bayana, na mwanafunzi anaweza kuukumbuka akiwa peke yake saa nane za usiku.

Kuna chama cha waendeshaji wa mashindano ya poka ya ana kwa ana kilichoanzishwa mwaka 2001 ili kanuni zifanane kila mahali. Kanuni yake ya kwanza kabisa inasema kwa maana hii: maslahi ya mchezo na haki ndivyo vya kutangulia, na ikitokea hali isiyo ya kawaida, busara inayolinda haki inaweza kuipiku herufi ya kanuni. Nimeisoma mara nyingi nikijiuliza kwa nini wacheza kamari waliona haja ya kuanza na neno haki. Nadhani ni kwa sababu wao wanajua kitu ambacho sisi wa ofisi na madarasa tunakisahau: siku washiriki watakapoacha kuamini kwamba meza ni ya haki, watainuka mmoja baada ya mwingine, na hakuna zawadi itakayowarudisha.

Mcheza karata ana anasa hiyo ya kuinuka. Mwananchi hana meza nyingine ya kwenda. Yule binti wa kurasa zake mwenyewe hana chuo kingine wala nchi nyingine. Kwa hiyo, mwanafunzi, andika mwenyewe. Mtumishi, usichungulie karata zilizokabidhiwa kwako uzilinde. Mwanaharakati, omba kumbukumbu, kisha jifunze kuzisoma.